Nafunga kutubu, usiku narudi jikoni

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 37, watoto watatu, naishi na mume wangu na mama mkwe. Shida yangu naona aibu hata kuiandika. Asubuhi nakunywa chai ya rangi nimesimama, huku navalisha watoto na mama mkwe anasubiri uji wake. Shuleni napitisha tu. Jioni napika, nawapakulia wote, mimi nakula ukoko na mchuzi uliobaki sufuriani. Wakishalala narudi jikoni, na taa siwashi. Nakula wali wa baridi kwenye hotipoti, mkate, maandazi ya watoto ya kesho, mpaka tumbo linauma. Hata ladha siisikii. Halafu nalia. Ni mara tatu au nne kwa wiki, tangu mwaka jana, baada ya mama yangu kufariki. Sitapiki wala situmii dawa. Nimeanza kufunga Jumatatu na Alhamisi kutubia ulafi huu, lakini usiku wa siku niliyofunga ndio unakuwa mbaya zaidi. Wifi yangu ameniambia mbele za watu kuwa nimejaa mpaka magauni yananionea huruma. Je, hii ni dhambi, ni ugonjwa, au imani yangu ni ndogo? Na mume wangu nimwambie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Nimeitanguliza pole hiyo kwa sababu katika barua yako umemtaja mama mara moja tu, katikati ya maandazi na kufunga, ukapita. Nitarudi kwake.

Nianze na dhambi, maana naona ndiyo inayokunyima raha. Mimi ni mtaalamu wa lishe na mshauri nasaha. Hukumu za dini muulize mwenye elimu yake, na chini nitakwambia swali gani la kumpelekea. Ila kwa nilichokisoma, mlafi simwoni humu. Mlafi anafurahia anachokula na anajipakulia mbele za watu. Wewe unakula gizani, ladha huisikii, na unamaliza kwa machozi. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf inatuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu, yaani kupita kiasi, na wengi wetu, hasa wanawake, tumeshika neno israfu tu. Kabla ya neno hilo aya imetanguliza amri ya kula. Tangu alfajiri mpaka usiku unapoingia, amri hiyo hujaitekeleza.

Hebu tuihesabu siku yako. Saa 12 asubuhi, chai ya rangi. Mchana kutwa umesimama mbele ya watoto, unafundisha, unasahihisha madaftari, hujala. Saa 2 usiku, ukoko. Hizo ni saa 14 kwa kikombe kimoja cha chai na sukari. Halafu huo ukoko wenyewe. Nimewauliza wanawake wengi kama kweli wanaupenda, na wengi hucheka kwanza, kisha wananyamaza. Mama anapenda ukoko, mama anapenda mkia wa samaki, mama hapendi nyama: watoto wanakua wakiamini hivyo, na binti akiolewa anaanza naye kupenda ukoko.

Mwili haujui kwamba umejinyima kwa upendo wala kwa toba. Unajua kwamba chakula hakikuja. Tumbo likikaa tupu linatoa homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, nayo inapeleka habari kwenye ubongo kwamba kuna uhaba. Ubongo ukipata habari hiyo siku baada ya siku unatafuta kinachoshibisha haraka: wanga na sukari. Ndiyo maana mkono wako usiku unakwenda kwenye wali, mkate na maandazi, na mchicha uliobaki unauacha palepale. Ongeza uchovu wa siku nzima, maana kutolala vizuri nako kunazidisha hamu ya kula. Kufikia saa 5 usiku unapambana na mwili ambao kazi yake ni kukuweka hai, na mwili huo una nguvu kuliko nia ya mtu yeyote.

Kuna jaribio moja ninalowasimulia karibu wote wanaoniuliza habari ya imani ndogo. Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikielekea ukingoni, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokumbwa na njaa. Walijitolea vijana 36, wote wanaume, wenye afya njema ya mwili na akili. Walikuwa wamekataa kubeba silaha, wengi wao kwa sababu ya dini yao. Fikiria imani inayotakiwa mtu kukataa vita wakati nchi nzima iko vitani. Kwa muda wa miezi sita hivi walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea, na wakapoteza kama robo ya uzito wao. Vijana hao wakawa hawawazi kingine ila chakula. Walilamba sahani. Baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, watu ambao upishi haukuwahi kuwashughulisha. Wapo waliovunja masharti wakala kwa siri, kisha wakajichukia kwa hilo. Na waliporudishiwa chakula, baadhi walikula mpaka tumbo likakataa, na bado wakasema wana njaa.

Isome tena barua yako sasa. Unachokiita ulafi ndicho kilichowapata watu wale, kwa sababu ileile.

Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Wewe hiyo njaa umejiombea mwenyewe, mara mbili kwa wiki, ukaiita toba. Naomba unielewe vizuri hapa. Funga ya sunna ya Jumatatu na Alhamisi ni ibada, na simzuii mtu ibada. Lakini anayefunga kwa ibada anakula daku, anafungua kwa tende na maji, na anaifurahia futari yake. Wewe umeandika kwamba unafunga kutubia ulafi, na nina hakika daku huli, kwa sababu usiku ule umeshakula kwa majuto na huoni kama unastahili kula tena. Basi unaingia kwenye funga na deni la njaa, unatoka na deni kubwa zaidi, na jikoni linalipwa lote kwa mkupuo. Ndiyo maana usiku wa siku uliyofunga unakuwa mbaya kuliko siku nyingine.

Unakikumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa, maswahaba ambao Mtume aliwaunganisha undugu? Kipo kwenye Bukhari. Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta Ummu Dardaa, mke wa ndugu huyo, hajajipamba, amevaa nguo duni. Alipomuuliza kulikoni, alimjibu kuwa ndugu yako hana haja na dunia. Abu Dardaa alipoandaa chakula alimkaribisha mgeni ale, akasema yeye amefunga. Salman akakataa: sili mpaka ule na wewe. Akala. Na usiku alipotaka kusimama kuswali mapema, Salman akamwambia alale kwanza, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, basi kila mwenye haki ampe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alisema Salman amesema kweli. Mimi kila nikikisoma kisa hiki nasimama kwenye lile neno, sili mpaka ule na wewe. Nyumbani kwako mko sita. Je, yupo anayekwambia hivyo?

Hapo ndipo ninaporudi kwa mama.

Nakisia mtu wa mwisho kukaa mbele yako akahakikisha umemaliza sahani alikuwa yeye, na huenda ilikuwa wakati wa arobaini ya mtoto wako wa mwisho. Mila zetu zina jambo zuri hapo. Mzazi anapikiwa. Pwani analetewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, Uchagani anapikiwa mtori, na haulizwi amefanya kazi gani mpaka akastahili. Zikipita siku zake anarudi jikoni, na wengi wetu hatupikiwi tena mpaka tuzae tena au tulazwe hospitali. Katikati hapo anayebaki kuuliza "umekula mwanangu?" ni mama, hata kama ni kwenye simu. Mama akiondoka, swali lile linaondoka naye.

Misiba yetu nayo naijua. Watoto wa kike wa marehemu mara nyingi wako uani na masufuria makubwa, wanahesabu sahani za wageni, wanaulizwa chumvi iko wapi. Kulia wanaambiwa watalia baadaye, na hiyo baadaye haipangiwi siku. Wakati mafundisho tuliyopewa ni kinyume chake: Jaafar bin Abi Talib alipouawa kwenye vita vya Mu'ta, Mtume aliwaagiza watu wawapikie watu wa nyumba ya Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Mfiwa ndiye wa kulishwa. Na Bi Aisha, akifiwa na mtu wa kwao, wanawake wakishakutanika kisha wakatawanyika, wakabaki watu wa nyumbani na wa karibu, alikuwa akiamrisha kipikwe chungu cha talbina, uji wa shayiri mweupe kama maziwa. Alisema amemsikia Mtume akisema uji huo unautuliza moyo wa mgonjwa na unaondoa sehemu ya huzuni.

Tazama hilo vizuri, mdogo wangu, kwa sababu ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Kutafuta faraja kwenye chakula hakukuanza na wewe, na hakuna cha kuonea aibu. Chungu cha talbina ni faraja ndani ya chakula, kimepikwa kwa ajili ya mwenye huzuni, kikaliwa na watu waliobaki karibu naye. Wewe unaitafuta faraja hiyohiyo, ila umeachwa uitafute peke yako, gizani, kwa mkono wa haraka kabla mtu hajaamka. Nakuomba wiki hii uangalie jambo moja bila kujihukumu: ni vyakula gani hasa unavyovifuata usiku, na ni vipi kati ya hivyo alikuwa akivipika mama. Sisemi lazima kuwe na uhusiano. Wanawake niliowapa kazi hii, baadhi walirudi wakisema hakuna. Mmoja alirudi akilia, kwa sababu aligundua kila usiku alikuwa anatafuta mkate wa kumimina.

Sasa swali lako la ugonjwa. Dalili ulizoandika zinafanana sana na maradhi ya kula bila kujizuia, ambayo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaingiza kwenye mwongozo wake kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Yamo pia kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Alama zake ni kula chakula kingi kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kusimama, kula haraka, kula mpaka tumbo liume, kula bila njaa, kula kwa kujificha, na kujichukia baada yake. Hali hii ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, daktari anaichukulia kuwa ugonjwa. Wewe umezidisha mara na muda. Mimi siwezi kukupima kwa barua, kwa hiyo nenda ukaonane na watu wa afya ya akili. Kwa kuwa uko Tanga anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, hata ukiwasomea barua hii. Mweleze daktari pia kuhusu msiba, kwa sababu sonona nayo inajificha kwenye kula. Omba upimwe wingi wa damu, sukari na homoni za tezi ya shingo. Kama kuna siku unatafuna udongo wa pemba, usione haya kumwambia, maana hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Na ikiwa siku moja utaanza kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha ili ufute ulichokula, usisubiri miadi. Hapo madini ya mwilini yanavurugika na moyo unaweza kuingia hatarini. Vilevile likikujia wazo la kutotaka kuishi, mwamshe mtu usiku uleule.

Tiba ipo na inafanya kazi. Kubwa ni tiba ya mazungumzo, na ngazi yake ya kwanza inawashangaza wengi: kula zaidi mchana. Milo mitatu na vitafunio viwili, usipitishe muda wa saa nne bila kutia kitu tumboni, uwe na hamu usiwe nayo. Asubuhi, kabla ya kuwavalisha watoto, kaa chini dakika kumi na chai yako, kiazi kitamu na yai, au uji wa dona wenye karanga za kusaga. Shuleni lipia sahani kwa mama ntilie, wali maharage na mboga ya majani, na uile yote. Saa 10 kula ndizi au karanga. Jioni pakua sahani yako kwanza, kabla ya zao, uifunike kwa kawa, kisha wapakulie wengine. Huenda mama mkwe atakuangalia. Mwache aangalie, wewe keti mkekani mle pamoja. Ukoko ugaweni wote, watoto wanaupenda kuliko unavyodhani.

Usiku wa tatu au wa nne bado utakuta mkono wako uko kwenye hotipoti. Sikwambii ujizuie. Washa taa. Toa sahani, pakua, keti kwenye kigoda, sema bismillahi, kisha kula. Naamini hujawahi kuitamka usiku jikoni humo, kwa kuona jina la Mwenyezi Mungu halifai kutajwa kwenye jambo unaloliona chafu. Chakula kile ni kilekile ulichowapakulia wanao kwa bismillahi saa tatu kabla. Ukimaliza, usifanye hesabu. Asubuhi yake kunywa chai yako na kiazi kama kawaida, kwa kuwa ukianza kufidia kwa njaa umefungua mzunguko upya.

Mizani iweke kando kwa miezi hii, na zile chai za kukata tumbo wanazouza mitandaoni usizisogelee. Sikuahidi kwamba utapungua. Ninachotarajia ni usiku kutulia kwanza, na uzito tutauzungumza mwili ukishaacha kuogopa njaa.

Kwa wifi sina mengi. Miaka ya themanini na tisini, Kagera na Uganda, mwanamke akikonda aliambiwa ana slimu, jina la mitaani la UKIMWI, na watu wakamkimbia. Akinenepa leo anaambiwa amejaa. Mwili wa mwanamke watu hawaishi kuusema. Mara nyingine mwambie mbele ya haohao watu, "Wifi, tangu nifiwe na mama sijakaa sawa, niombee dua."

Kwa shehe wako, mpelekee hivi: daktari ananitibu maradhi ya kula, na kufunga kunayachochea, je nina ruhusa gani? Qur'ani imemtaja mgonjwa waziwazi kwenye aya za swaumu za Suratul Baqara, basi usione umeomba upendeleo. Kama unadaiwa kadha, yaani siku za Ramadhani ulizoacha kufunga kwa ajili ya hedhi, muulize ukomo wake. Akikwambia ulipe, ulipe moja moja, kwa daku ya kushiba na mtu wa kufuturu naye. Sunna za Jumatatu na Alhamisi zisubiri kwanza. Sadaka ipo, dhikri ipo, na kumuombea mama dua ipo.

Mume wako mwambie. Usimwambie usiku baada ya tukio, ukiwa na machozi na makombo; chagua Ijumaa mchana, au mkitembea, mahali ambapo mama mkwe hasikii. Usianze na "nakula sana", maana atakujibu "basi punguza", na mazungumzo yatakuwa yameisha. Anza na mama. Mwambie: "Tangu mama afariki sijawahi kulia vizuri, na tangu hapo sili vizuri. Mchana sili, usiku najificha jikoni. Nakwenda hospitali na ningependa unisindikize. Na kuna jambo moja dogo nakuomba: tukikaa kula, usianze mpaka uone na mimi nimeshapakua."